Mwaka Tuliomfukuza Mtani

Mama alipofariki mwaka huu, sikumwosha. Wanawake wa ukoo walinipisha mlangoni niweze kutazama, nikasimama pale na barakoa yangu, mikono nimeikunja kifuani kama mgeni aliyepotea nyumba. Nina miaka arobaini na sita. Figo ninayotembea nayo si yangu, ni ya kaka yangu Idi, na kwa ajili hiyo yapo mambo mengi ambayo wenzangu huyafanya bila kufikiri, mimi nayafikiria mpaka yananipita: kuosha maiti, kumpakata mtoto mwenye mafua, kunywa maji kwa jirani. Mimi ni mwoga na sioni haya kulisema hilo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo tulivyofundishwa, nami uoga nimeufanya kazi yangu kwa miaka kumi na tisa na umenilipa uhai. Ila kuna jambo moja nililifanya kwa uoga ambalo kicheko chake sikitamani kwa mtu yeyote, na mzigo wake aliubeba mama mpaka kaburini. Sitaeleza ukoo wetu, wala namna nilivyougua, wala safari ya India. Hayo yana watu wengi wa kuyasimulia, na Idi ndiye hodari wao. Mimi nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu, ule wa kwanza baada ya kurudi.

Nilirudi nikiwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi pale Mikumi, na nilifikia kwa Idi, aliyekuwa na gereji kando ya barabara kuu na vyumba viwili nyuma yake. Daktari aliyetuaga alikuwa amenieleza kwa utaratibu, kwa Kiingereza cha kwao, jambo ambalo nilimtafsiria Idi. Mwili una askari wake. Figo ya mtu mwingine ikiingia, askari wanaiona ni mgeni na wanataka kuiua, kwa hiyo unakunywa dawa za kuwalaza askari, asubuhi saa mbili na usiku saa mbili, maisha yako yote. Lakini askari wakilala, mwizi yeyote anaingia. Alisema katika miezi ya mwanzo nisiogope sana kisu walichonipasulia, niogope mafua ya jirani, maji yasiyochemka, mboga mbichi, ukungu wa ukutani, vumbi, kinyesi cha kuku na kikohozi cha mtu yeyote. Na joto la mwili likivuka thelathini na nane nisingoje kesho. Alinipa kipimajoto cha kuweka kwapani na daftari la kuandika. Sasa fikiria mtu aliyeambiwa hayo amelala kwenye chumba ambacho kila lori linalokwenda Iringa linapopita, dirisha linatetemeka na vumbi linaingia kama limealikwa. Mke wa Idi alikuwa na mtoto mchanga mwenye makamasi. Nilikuwa nikimsikia mtoto yule akipiga chafya upande wa pili wa ukuta, nami najifunika shuka mpaka kichwani, mtu mzima na ualimu wangu. Siku ya tisa mama alikuja na basi la Kilosa, akatazama chumba, akatazama mtoto, akaanza kufunga nguo zangu bila kumuuliza mtu.

Nyumba ya mama Kilosa ilikuwa upande wa stesheni, si mbali na reli. Alinitengea chumba cha nyuma. Kabla sijafika alikuwa ameshawahamishia kuku kwa shangazi, ameondoa mkeka, ameng'oa maua ya dirishani na kupaka chokaa kuta zote, na chokaa ile mpya ilinuka kiasi kwamba usiku wa kwanza niliota nimefukiwa. Alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini alinitaka nimsomee maagizo ya daktari mara tatu, na ya tatu aliyarudia mwenyewe bila kukosea. Kuanzia hapo jikoni kwake hakikupita kitu kibichi. Nyanya zilizoletwa kutoka Dumila zilichemshwa. Kachumbari ilikatazwa nyumba nzima, hata kwa wageni. Maziwa mgando ambayo wafugaji waliyapitisha mlangoni kila asubuhi, na ambayo nilikuwa nayapenda kuliko nyama, aliyakataa kwa adabu nyingi, akiwaambia tumeacha maziwa kwa muda. Matembele aliyapika mpaka yakawa tope. Kikombe changu alikipaka rangi ya kucha nyekundu chini yake ili kisichanganyike, na sahani yangu vilevile, na kila chakula kilinifikia kikiwa kinatoa moshi. Nililalamika, bila shaka. Nilimwambia anipikie kama mtu, si kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Alifunika sahani na kawa akaenda zake, na mimi nikala.

Taabu kubwa haikuwa chakula. Taabu ilikuwa watu. Kwetu mgonjwa akirudi, mtaa mzima unakuja kumjulia hali, na asiyekuja anahesabiwa. Wanaingia chumbani, wanashika mkono, wanakaa kitandani, wanavuta pumzi zao zote pale pale ulipolala, na hiyo ndiyo heshima. Mama aliweka benchi chini ya dirisha langu, kwa nje, na akatangaza kwamba salamu zote zitapitia dirishani. Nikawa nawapa shikamoo wazee kupitia wavu wa mbu. Wengine walielewa. Wengine walikaa kwenye benchi wakizungumza kwa sauti ya kutosha mimi niwasikie, kwamba huyu akishaonja India amekuwa Mhindi, kwamba labda ana ugonjwa mwingine unaofichwa. Shangazi yangu wa damu aliondoka na uji wake aliouleta na hakurudi kwa miezi miwili. Nilimsikia mama usiku huo akimwambia mtu uani kwamba bora wamchukie yeye na mtoto aishi. Alilisema kama anayetaja bei ya unga, na mimi nililichukulia hivyo hivyo.

Mtu mmoja tu hakupitia dirishani. Sisi ni Wasagara, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara. Kwa msomaji asiyejua utani, niseme tu kwamba mtani anakutukana na hukasiriki, anachukua chakula chako na huwezi kumdai, anaingia kwako bila hodi, na siku ukifa yeye ndiye anayewachekesha watu msibani ili wasife na wao. Huwezi kumzuia mtani. Si kwamba ni vigumu. Haipo namna ya kufanya hivyo, kama isivyokuwapo namna ya kuizuia mvua. Mtani wetu mkubwa Kilosa alikuwa Mzee Kulwa, mstaafu wa reli, aliyekuwa akitengeneza njia ya treni kutoka pale mpaka Munisagara na mbele, mrefu, mkavu, wa tumbaku ya kiko. Siku ya nne baada ya kufika kwangu alilipita benchi, akampita mama aliyekuwa anaeleza kwa mikono miwili, akaingia chumbani akakaa kitandani kwangu, miguuni. Alinitazama usoni. Dawa zilikuwa zimenivimbisha mashavu mpaka macho yalikuwa yamebaki mistari. Akauliza kama kule India nilikwenda kutibiwa au kuumuliwa kama andazi. Akasema Wasagara tumezidi, figo moja tu tumepewa na tayari tumefunga nyumba nzima, je, tungepewa mbili tungefunga wilaya? Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Sikuwa nimecheka tangu Dar es Salaam. Kisha akavuta sahani yangu yenye alama nyekundu, akala ubwabwa wangu, akanywa maji yangu yaliyochemshwa, akasema maji ya Wasagara hayana ladha, akaondoka.

Mama alichemsha vyombo vile mara mbili na kufuta kitanda kwa sabuni na maji ya moto. Siku iliyofuata mzee alirudi. Mama alijaribu kila ujanja unaoruhusiwa. Alimpakulia sahani yake, tena yenye nyama nyingi kuliko yangu, mzee akaiacha akala yangu. Alimwekea kiti karibu na mlango, mzee akaweka kofia yake juu ya kiti na yeye akakaa kitandani. Alikuwa akija karibu kila siku, baada ya saa za mchana, na mimi nilianza kusikiliza hatua zake tangu saa saba. Mtu aliyefungiwa miezi mitatu na chokaa na sauti ya watu wanaomsema anaweza kumpenda hata mjusi, na huyu alikuwa mtu, tena wa maneno. Lakini alikuwa anakohoa. Nilikisikia kikohozi chake siku ya kwanza kabla hata sijacheka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nilikihesabu: mara kumi na moja siku ile, mara tisa kesho yake. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu anayekwangua sufuria. Alikuwa akigeuza kichwa upande wa dirisha na kusema ni vumbi la reli linaomba ruhusa ya kustaafu. Kila alipokohoa nilibana pumzi na kuhesabu mpaka ishirini, kisha nikavuta hewa kidogo kwa pua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikicheka na mtani wangu, nusu ya muda sipumui. Jioni moja mama alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama amwambie yule mzee asije tena, maana hicho kifua chake hakipendi. Alikuwa tayari, nililiona hilo usoni mwake. Nami nikamwambia ni vumbi tu, amwache. Niliogopa kufa, lakini siku hiyo niliogopa zaidi chumba kile bila mtu.

Mwezi wa tano homa ilianza. Haikuanza kwa kishindo. Jioni nilihisi baridi mgongoni, asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Kipimajoto kilisema thelathini na nane na pointi mbili. Nilikishika mkononi nikakitazama muda mrefu, halafu nikakikung'uta mpaka zebaki ikashuka, nikaandika kwenye daftari thelathini na sita na nusu. Mwalimu anayewachapa watoto kwa kughushi majibu. Msiniulize kwa nini, nimejiuliza mwenyewe vya kutosha. Nilidhani nikiandika namba ile kila kitu kitakuwa kweli: watanirudisha hospitali, wataniambia figo imekufa, na Idi, ambaye wakati huo alikuwa bado anatembea ameinama kidogo upande mmoja, atajua kwamba alikatwa bure. Nilighushi siku tano. Mama alikuwa anaangalia daftari kila asubuhi na kuridhika na namba alizoziamini. Usiku nililala nimeweka mkono tumboni upande wa kulia, chini, pale walipoipachika, nikiitafuta kwa vidole kama inapiga, na figo haipigi, nilijua hilo, lakini niliitafuta. Jumamosi Idi alikuja kutoka Mikumi na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alioga kwanza, akabadili nguo kama alivyofundishwa, akaingia. Aliweka kiganja chake shingoni mwangu, akakiondoa, akachukua kipimajoto akaniwekea kwapani yeye mwenyewe na kunishikilia mkono nisikitoe. Kilisoma thelathini na tisa. Akafungua daftari, akasoma namba zangu nzuri zote tano, akalifunga.

Hospitalini Kilosa walinipima malaria, hakuna. Picha ya kifua ikaonyesha maji upande wa kushoto. Daktari alikuwa kijana mpole, na jambo la kwanza alilolifikiria lilikuwa sahihi, kifua kikuu, na alikuwa ameshashika kalamu kuandika vidonge vile ambavyo kila mwenye ugonjwa huo nchini anapewa. Idi alimwomba kwa heshima kubwa asiandike kwanza, ampigie daktari wetu wa Dar es Salaam. Walizungumza kwa simu mlangoni na mimi nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo: ndiyo, ndiyo, sikujua, ndiyo. Aliporudi alieleza. Kimoja cha vidonge vya kifua kikuu, kile chenye nguvu kuliko vyote, huifukuza dawa ya figo kwenye damu. Ningemeza vidonge vile kama mgonjwa mwingine, kifua kingepona na askari wangeamka, na figo ya Idi ingeuawa kimya kimya ndani ya majuma machache huku tukishangilia homa imeshuka. Nisipovimeza, ugonjwa ungenimaliza mimi na figo yangu pamoja. Ilibidi kwenda Dar es Salaam, kutolewa yale maji kwa sindano mbavuni, kuanzishiwa vidonge huku dawa ya figo ikiongezwa mara tatu na damu ikipimwa kila baada ya siku chache, kutafuta mahali pembamba pa kupita. Kwenye gari tuliloazima Idi aliendesha, mama alikaa na mimi nyuma akinishika miguu. Walidhani nimelala. Mama akamuuliza, taratibu, je, wakisema waitoe? Idi alipunguza mwendo, tulikuwa tunapita kijijini.

"Waitoe," alisema. "Mimi sikumpa figo ili iishi figo. Nilimpa ili aishi Hawa."

Nilikuwa nimefumba macho na niliendelea kuyafumba. Nilitamani angenitukana kwa ajili ya daftari.

Wodini Dar es Salaam muuguzi wa kifua kikuu alikuja na fomu yake na kuniuliza ni nani aliye karibu nami anayekohoa. Hakukuwa na mwingine wa kumtaja. Nilimtaja Mzee Kulwa, jina lake na nyumba yake na hata idadi ya mara anazokohoa. Nilimchukia. Niliiona sura yake akila ubwabwa wangu na nikaona ni mauaji yale, ameketi kitandani kwangu kila siku akiniua huku ananichekesha. Sikukumbuka hata kidogo kwamba mama aliniuliza na mimi ndiye niliyesema aachwe. Hofu ina tabia hiyo, inapenda kupata mtu wa nje.

Tulirudi Kilosa baada ya majuma matatu, nimekonda kila mahali isipokuwa mashavuni. Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Sijakaa sawasawa kitandani nikasikia hatua zake, na sauti yake uani ikiuliza kama lile andazi la India limerudi au wamelila huko Dar es Salaam. Alikuwa amechukua mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa. Niliruka nikafunga mlango wa chumba na komeo. Mama alikuwa upande wa pili, nikamwambia kupitia ubao, na haya ndiyo maneno niliyoyasema, sijayapunguza wala kuyaongeza:

"Mama, mtoe. Mtoe asirudi tena. Na usiseme ni mimi."

Hakuniuliza mara mbili. Nilikwenda dirishani, nikatazama kwa pembeni ya wavu. Mama alisimama mbele ya Mzee Kulwa na mwiko mkononi, akamwambia utani umekwisha, atoke kwake. Mzee alicheka. Alicheka kwa raha kabisa, maana mtani akikufukuza unakaa, huo ndio mchezo wenyewe, akapiga hatua ya kuingia. Mama akamwekea mwiko kifuani. Akarudia, safari hii kwa sauti, kwamba utani kati yake na nyumba hii umekwisha na asiikanyage tena. Watu waliokuwa wanapita walisimama. Mzee Kulwa alimtazama mama usoni akitafuta kicheko kilipo, na hakukiona. Aliyaweka mahindi kwenye benchi, kwa uangalifu, moja moja, akavaa kofia, akaondoka akikohoa.

Habari hiyo ilizunguka mji kabla ya magharibi. Kufukuza mgeni ni ukali, kumfukuza ndugu ni ugomvi, lakini kumfukuza mtani hakuna aliyewahi kusikia. Hata mwaka huu, siku ya arobaini ya mama, wanawake wawili waliokuwa wanasugua masufuria nyuma ya nyumba walikuwa wanamsifu, mkarimu, mswalihina, mpishi, na mmoja akaongeza kwamba ila tu alimfukuza mtani. Mwenzake akaitikia kwa mguno. Miaka kumi na tisa, na kwenye mizani ya mema yake yote ndilo walilolitia upande wa pili.

Majuma mawili baada ya kumfukuza, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu alinipa majibu. Walimfuata Mzee Kulwa, wakampima makohozi mara tatu, wakampiga picha. Hakuwa na kitu. Kifua chake kilikuwa na miaka thelathini ya vumbi la kokoto na tumbaku, basi. Nikauliza sasa niliupata wapi. Daktari akasema huenda sikuletewa na mtu yeyote mwaka ule. Wengi wetu tuliuvuta ugonjwa huu utotoni, ukalala ndani kwa miaka na miaka kwa sababu askari wapo macho. Askari wangu walipolazwa, ukaamka. Inaelekea nilikwenda na ugonjwa ule India, nikarudi nao, nikajifungia nao chumbani, nikafunga komeo. Nilikaa kwenye kiti cha kliniki na nilihisi baridi kuliko ile ya homa. Yule niliyekuwa namwogopa mlangoni alikuwa ndani tangu mwanzo, na huyu aliyekuja kunichekesha nilikuwa nimemtoa nje mbele ya watu.

Nikamwambia mama tumwombe radhi. Mama alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mtoto anayegawanya kwa sifuri. Mtani haombwi radhi, aliniambia. Mtani hakasiriki, kwa hiyo hakuna cha kusamehe. Ukimwomba radhi umekiri kwamba utani ulikwisha kweli. Hata hivyo alikwenda, na bakuli la ubwabwa, akakusudia kumtukana kama zamani ili mambo yajifunge yenyewe. Alirudi mapema mno. Akakaa kwenye benchi. Alisema mzee alimpokea vizuri sana. Alimpa kiti. Alimwita "mama," akauliza habari za nyumbani na hali ya mgonjwa, akashukuru kwa chakula kwa mikono miwili. Hakumtukana hata neno moja. Mama alieleza hayo huku akizungusha bakuli magotini, nami nilitaka kumwambia nitakwenda kusema ukweli, ni mimi. Akanikatiza. Aliniambia nimeze dawa, saa mbili inafika, na maneno ya watu nimwachie yeye, yeye hana figo ya kuchunga.

Vipimo vilipanda na kushuka. Kila juma damu yangu ilisafiri na basi kwenda Dar es Salaam na Jumatatu jioni Idi, baada ya kupigiwa na daktari, alipiga simu kutoka Mikumi kuniambia namba, na kabla hajaisema alikuwa anakohoa kidogo kusafisha koo, na katika kikohozi kile nilikuwa nakufa kila Jumatatu. Mara mbili figo iliyumba. Mara mbili wakaongeza dozi, ikatulia. Ilipofika mwezi wa tisa homa ilikuwa imekwisha, maji yamekauka, na nilikuwa naruhusiwa kukaa uani. Ndipo Mzee Kulwa alipoanguka sokoni kwa presha, na hakuamka.

Daktari alikuwa amekataza misiba kwa jina. Idi alikataza kwa simu. Nilikwenda. Nilivaa barakoa, nikasimama nje ya umati upande upepo unakotoka, watu zaidi ya mia, mtoto anakohoa, mwanamke anapenga kamasi kwenye kanga. Mzee alikuwa Mkatoliki, wakazika wake kwa waume. Padri alipomaliza, binti yake aliyetoka Tabora, Kabula, alitoa koti la reli la baba yake, akauliza Wasagara wako wapi, watani waje wamuage. Kwa desturi mtani analivaa vazi la marehemu, anaigiza mwendo wake na sauti yake, na watu wanacheka. Hakuna aliyesogea. Macho ya watu yalikwenda kwa mama, yakabaki hapo. Mama alitazama chini. Nilimwona akirudi nyuma hatua moja, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akirudi nyuma.

Nikapita katikati yao. Nilibana pumzi, nikahesabu, ishirini haikutosha. Nikalivaa koti lile, zito, lenye vumbi la miaka na harufu ya tumbaku, kila kitu nilichokatazwa kilikuwa ndani yake. Nikashusha barakoa ili nisikike. Nikakohoa kile kikohozi, mara kumi na moja, na watu wakaanza kucheka. Nikasema kwa sauti yake kwamba vumbi la reli sasa limepata ruhusa ya kustaafu. Wakacheka zaidi, Kabula analia na kucheka. Nikaona hapa ndipo mahali pekee duniani ninaporuhusiwa kusema chochote, nikasema.

"Mnamwona mama yangu pale? Hakumfukuza mtu. Mimi ndiye niliyejifungia chumbani nikamtuma. Na huyu mzee hakuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa nilikuwa nao mimi."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja akajipangusa machozi akasema hakika Wasagara hawaishiwi uongo, hata kaburini. Nikarudia, kwamba ni kweli, wallahi ni kweli, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kwenda kwa mtani aliyevaa koti la maiti kutafuta ukweli. Mama peke yake hakucheka. Alikuja akapita kati ya watu, akanivua koti akampa Kabula, akanipandishia barakoa mpaka puani na kuibana vizuri kwa vidole viwili. Kisha akanishika mkono, akaniambia twende nikaoge.